Faili lipo lakini halionekani: dalili na tiba unapohama kati ya Windows, Linux na Mac

Hapa Ngamiani, Tanga, flashi zinazopita mezani kwangu zina mwendo wa mji wenyewe: waja leo, waondoka leo. Asubuhi flashi imetoka kwenye kompyuta ya ofisi yenye Windows, adhuhuri iko kwa kijana wa chuo anayetumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, jioni imechomekwa kwenye MacBook ya mgeni aliyeshuka na basi la Dar. Kisha mtu anakuja mbio: "Fundi, kazi yangu imepotea." Mara nyingi haijapotea. Njia ya faili, yaani ile anuani inayoanza na herufi ya diski au na mkwaju (`/`) na kuishia kwenye jina la faili lenyewe, imeandikwa kwa namna ambayo mashine ya pili haiisomi kama ya kwanza.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama wateja wanavyozileta. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu ninayokutana nayo zaidi. Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yako pengine, kisha majaribio yote yafanye kwenye nakala.

Windows inataka diski ifomatiwe kwanza

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoua kazi za watu. Umechomeka diski ya nje, dirisha linafunguka kukuambia uifomati kabla ya kuitumia, na kitufe kimeshawekwa tayari. Usikibonyeze. Funga dirisha.

Sababu ya kwanza: diski ni nzima, ila imepangwa kwa mtindo ambao Windows haiujui. Linux kwa kawaida hupanga diski zake kwa ext4, na Mac kwa APFS au HFS+. Windows ikikutana na mpangilio huo haikwambii kwamba haiuelewi. Inakwambia diski haijafomatiwa. Kwa hiyo swali la kuanzia halihitaji ufundi wowote: mara ya mwisho diski hii ilitumika wapi? Irudishe huko. Ikifunguka, hamishia mafaili kwenye diski nyingine iliyofomatiwa exFAT, ambayo Windows, Mac na Linux za sasa zinaisoma na kuiandikia. Linux ilianza kuwa na exFAT ndani ya kerneli yake, yaani kiini cha mfumo wenyewe, katika toleo la 5.4, mwaka 2019. Ukiona Linux fulani inaikataa, angalia kwanza umri wake.

Sababu ya pili: flashi ilichomolewa ghafla wakati kompyuta bado inaandika. Hapo ijaribu kwenye Linux kwanza. Mara kadhaa nimeona Linux ikifungua flashi ambayo Windows imeikataa, na hilo linatosha kunakili vitu. Ukishanakili ndipo uende kwenye dirisha la amri la Windows uandike amri ya kukagua na kurekebisha diski, `chkdsk E: /f`, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Usiitangulize amri hiyo, kwa kuwa inaandika juu ya diski na inaweza kufuta njia za mafaili ambayo bado yangeokolewa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, dada mmoja aliyekuwa akitafiti mikoko aliniletea diski yake. Nilibonyeza kile kitufe. Diski ilikuwa ya Linux, nzima kabisa. Nikakaa siku mbili na programu ya PhotoRec kuyarudisha mafaili yaliyofutika. Picha zikarudi, lakini PhotoRec hairudishi majina, na majina ndiyo yaliyobeba tarehe na mahali kila picha ilipopigwa. Zikawa picha za mikoko kwa mamia, zote zikiitwa f na namba ndefu mbele yake. Alizitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo namuuliza kila mteja diski yake inatoka wapi kabla sijaipokea mkononi.

Acha hapa: diski ikigongagonga ndani, ikitokea na kupotea, au ukubwa wake ukisomeka 0, izime. Usiendeshe chkdsk wala programu ya kurejesha mafaili. Ipeleke kwa anayerejesha data kwa kazi hiyo, kwa sababu kila dakika inapozunguka inazidi kujikwaruza.

Folda zote zimegeuka shotikati

Hiki ni kirusi cha flashi. Kimezificha folda zako, kikaweka shotikati zenye majina yale yale, na ukibofya mojawapo unakiamsha. Usibofye.

Ukaguzi mwepesi ni kuichomeka flashi kwenye kompyuta ya Linux. Linux haijali ile alama ya kufichwa inayotumiwa na Windows, hivyo folda zitaonekana zimetulia pale pale. Vipo virusi vinavyoisogeza kazi yako yote kwenye folda moja inayoonekana kama haina jina. Ifungue hiyo pia. Kama huna Linux karibu, kwenye dirisha la amri la Windows andika:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Kisha futa zile shotikati na uikague kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi. Nasema kompyuta, kwa sababu ukisafisha flashi peke yake utairudisha kwenye mashine ile ile iliyoiambukiza.

Nafasi ipo lakini faili kubwa linagoma kuingia

Video ya harusi ni GB 7, flashi ni ya GB 32 na iko tupu, lakini inakataa. Flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Toa vilivyomo, ifomati exFAT, itapokea. Ila muulize mwenye harusi ataitazama wapi. Televisheni na redio za gari za zamani nyingi zinasoma FAT32 tu, na hapo ni afadhali kuikata video vipande viwili kuliko kumpa mtu flashi isiyofunguka mbele ya wageni wake.

Jina linakataliwa, au faili haliendi Windows

Windows haikubali alama hizi katika jina la faili: `< > : " / \ | ? *`. Linux inakataa mkwaju `/` peke yake. Kwa hiyo mtu wa Linux anahifadhi kwa amani "Kikao saa 4:30.docx", na siku anapoinakili kwenye flashi inakuja kasoro asiyoielewa. Alama inayosumbua zaidi ni nukta pacha. Toa hiyo kwanza.

Ya pili ni mkwaju wa mwaka wa fedha. Ofisi zetu nyingi zinaandika 2023/24, kwa sababu mwaka wa serikali unaanza Julai na kuishia Juni. Ukijaribu kuhifadhi "Bajeti 2023/24" kwenye Linux, mashine inaelewa kwamba unataka faili liitwalo 24 ndani ya folda ya Bajeti 2023, na folda hiyo haipo. Mac inakukubalia kuandika mkwaju kwenye dirisha la mafaili, lakini chini yake inauhifadhi kama nukta pacha, na tatizo linakusubiri Windows. Andika "Bajeti 2023-24". Na tarehe iandike ukianza na mwaka, 2024-05-12, mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku.

Yapo pia majina ambayo Windows imejiwekea tangu zama za DOS, mfumo wa kabla yake: CON, PRN, AUX, NUL, COM1 hadi COM9 na LPT1 hadi LPT9, hata ukiongeza .txt mbele yake. Kadhalika jina lisiishie na nukta wala nafasi tupu. Ukishapata faili la namna hiyo, libadilishe jina ukiwa Linux kabla ya kulirudisha.

Ng'ombe wanaharibika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni tatizo letu sisi tunaoandika Kiswahili na sioni likielezwa.

Mama mmoja, katibu wa kikundi cha wafugaji, alikuja na laptopu amekunja uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu waone hawa ng'ombe wangu wamekuwaje."

Orodha ilikuwa imefunguliwa kwenye Excel, na safu nzima imeandikwa `ngâ€™ombe`, kuanzia mstari wa juu hadi wa chini.

Hiyo alama tunayoitia katikati ya ng na o ina sura mbili. Iko iliyonyooka, `'`, inayotoka moja kwa moja kwenye kibodi. Iko iliyopinda, `’`, ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe bila kukuuliza. Kwa macho zinakaribiana. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, na ile iliyopinda katika UTF-8, usimbaji (yaani namna ya kuhifadhi herufi kama namba) unaotumika zaidi siku hizi, inachukua baiti tatu. Orodha ya mama ilikuwa ya CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, imetengenezwa na kijana wake kwenye Linux kwa UTF-8. Excel ilipoifungua kwa kubofya mara mbili, ilidhani ni usimbaji wa zamani wa Windows, ikasoma kila baiti kama herufi yake. Baiti tatu zikawa `â€™`.

Tiba: funga bila kuhifadhi. Fungua Excel ikiwa tupu, nenda kwenye kichupo cha Data, lete faili la CSV kutoka hapo, na kwenye usimbaji chagua 65001, ambao ndio UTF-8. Ng'ombe watarudi. Kama ulishahifadhi baada ya kuharibika, kosa sasa limo ndani ya faili lenyewe, na kilichobaki ni kutafuta `â€™` na kubadilisha zote kuwa `'`. Siku nyingine ukihifadhi kutoka Excel chagua aina ya CSV iliyoandikwa UTF-8 kwenye jina lake.

Alama hiyo hiyo ikiwa kwenye jina la faili inaleta kisa kingine. Kwenye dirisha la amri la Linux ukiandika

`cat Orodha ya ng'ombe.csv`

mashine haikujibu. Inakuletea alama ya `>` na kusubiri. Haijaganda. Imeuona mkato wa ng' ikadhani umefungua nukuu, sasa inangoja uifunge. Bonyeza Ctrl na C, kisha lizungushie jina lote alama za nukuu mbili:

`cat "Orodha ya ng'ombe.csv"`

Nukuu hizo zinatibu na nafasi tupu zilizomo kwenye jina, ambazo nazo zingeifanya mashine ione mafaili matatu badala ya moja. Au andika herufi chache za mwanzo ubonyeze Tab, itamalizia yenyewe.

Na kama unatafuta faili la Chang'ombe hulipati wakati unaliona kwa macho, kuna uwezekano jina lina alama iliyopinda nawe unaandika iliyonyooka. Nakili jina kutoka kwenye folda ulibandike kwenye utafutaji. Kwa majina ya mafaili mimi naandika ngombe, bila alama. Ndani ya waraka naiweka, maana bila alama hiyo si Kiswahili.

Tovuti ina picha nyumbani, kwenye seva hazionekani

Karibu kila mara ni herufi kubwa na ndogo. Umeandika `picha/amboni.jpg`, faili lenyewe linaitwa `Picha/Amboni.JPG`. Windows haitofautishi, Mac nayo kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi, kwa hiyo nyumbani mapango ya Amboni yanaonekana vizuri. Seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, nyingi ni za Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili ya vitu viwili. Badilisha majina yote yawe herufi ndogo, na ekstensheni pia, maana kamera nyingi zinaandika JPG kwa herufi kubwa. Ukitumia Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, kwenye Windows, badiliko la herufi tu linaweza lisionekane kabisa. Pitia jina la kati: `git mv Picha picha2`, kisha `git mv picha2 picha`.

Kama herufi ziko sawa, tazama mikwaju. Kwenye tovuti ni `/` daima. Ukikuta `picha\amboni.jpg`, ndiyo hiyo.

Mwisho angalia kama njia inaanza na `C:\Users`. Hiyo ni njia ya kompyuta yako wewe. Ukimwambia mgeni "nyumba ya tatu kutoka kwetu" hafiki, mpaka umtajie Barabara ya ngapi. Seva haina C yako. Andika njia inayoanzia kwenye folda ya tovuti yenyewe. Kosa hili hili ndilo linalovunja viungo kati ya mafaili ya Excel pale flashi iliyokuwa D inapopewa herufi E kwenye kompyuta nyingine.

Programu ya Python inasema faili halipo

Python ni lugha ya kuandikia programu. Tazama mstari huu, ambao kijana yeyote wa hapa angeweza kuuandika:

`open("C:\tanga\ngamiani.csv")`

Ndani ya maandishi ya Python, `\t` ni alama ya kusogeza na `\n` ni mstari mpya. Kwa hiyo Python inatafuta C: kisha nafasi ndefu, kisha "anga", kisha inashuka mstari na kutafuta "gamiani.csv". Mji wetu na mtaa wetu vimeanza na herufi mbili mbaya kuliko zote kwa jambo hili. Na `\U` ya `C:\Users` inakataliwa hata kabla programu haijaanza.

Tiba nyepesi ni kutanguliza r, `r"C:\tanga\ngamiani.csv"`, au kutumia mkwaju wa kawaida, `"C:/tanga/ngamiani.csv"`, ambao Python kwenye Windows inaukubali. Tiba ya kudumu ni `pathlib`, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Unaandika `Path("data") / "ngamiani.csv"`, nayo inaweka mkwaju unaoifaa mashine iliyopo.

Mkwaju wa kinyume wenyewe una historia yake. MS-DOS ya kwanza, ya 1981, haikuwa na folda, na mkwaju `/` ulikuwa umeshapewa kazi ya kuongeza vigezo kwenye amri. Folda zilipoingia na toleo la 2.0 mwaka 1983, ikabidi ichukuliwe alama nyingine. Unix yenyewe ilikuwa ikitumia `/` muda mrefu kabla ya hapo. Ndiyo maana tunahangaika hadi leo.

Skripti inaonekana ipo, Linux inasema haipo

Skripti, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mfuatano, iliandikwa kwenye Windows. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, na ile ya ziada inajibandika mwisho wa `#!/bin/bash`. Linux inatafuta programu ya bash yenye mkia usioonekana, haiipati. Ukiona `^M` kwenye kosa, usitafute zaidi. Andika `sed -i 's/\r$//' skripti.sh`. Ikikataa bado kwa kosa la ruhusa, `chmod +x skripti.sh`, lakini inakili kwanza kutoka kwenye flashi kuingia kwenye diski ya Linux, kwa kuwa FAT32 na exFAT hazihifadhi ruhusa za Linux.

Programu yenyewe haifunguki kabisa

Faili la .exe ni la Windows. Linux na Mac haziliendeshi zenyewe. Tafuta kwanza kama programu ina toleo la mfumo wako, au nyingine inayofungua mafaili yale yale, kama LibreOffice kwa nyaraka za Word. Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux na Mac, inasaidia kwa programu ndogo, ila usiitegemee kwa programu inayozungumza na kifaa, mfano mashine ya risiti, kwa sababu dreva za Windows, yaani programu zinazoendesha vifaa, kwa kawaida hazifanyi kazi ndani ya Wine.

Ikiwa ni Windows kwa Windows na bado inagoma, angalia biti. Windows ya biti 32 haiendeshi programu ya biti 64. Kwenye Mac, tangu Catalina ya 2019 programu za biti 32 zimefungiwa mlango.

Acha hapa: kama ni programu ya hesabu za biashara au ya mishahara, usiifute ili kuisakinisha upya mpaka mwenye programu athibitishe kumbukumbu zake zimehifadhiwa wapi. Nyingine zinazihifadhi ndani ya folda ile ile unayotaka kufuta.

Linux inasoma diski ya Windows lakini haiandiki

Windows haikuzimwa kikamilifu. Ule uzimaji wa haraka unaiacha imelala, na Linux kwa usalama inagoma kuiandikia. Rudi Windows, andika `shutdown /s /t 0`, kisha jaribu tena. Usilazimishe kufuta faili la usingizi, lile Windows inamohifadhi hali yake inapolala, ukiwa Linux. Kazi ambayo haikuhifadhiwa inakwenda nalo.

Haifutiki, haihamishiki, inasema jina ni refu mno

Windows kwa desturi yake ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima, si kwa jina peke yake. Ofisi zenye folda ya "Nakala ya Nakala ya Ripoti za Robo Mwaka" ndani ya nyingine kama hiyo zinafika haraka. Anza kufupisha folda za juu kabisa, maana kila herufi unayopunguza huko inapungua kwenye mafaili yote yaliyo chini. Isipowezekana, ipe folda ya ndani herufi yake ya muda, `subst X: "C:\Ripoti\2023\Robo ya kwanza"`, ingia kupitia X ufanye kazi yako, kisha `subst X: /d`. Mafaili yanabaki mahali pake.

Tangu toleo la 1607 la Windows 10 kikomo hicho kinaweza kuondolewa kwa kuweka 1 kwenye `LongPathsEnabled` ndani ya rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, lakini programu nayo lazima iwe imeandikwa kukubali. Kama hujawahi kugusa rejista, usianzie hapo peke yako. Mwite fundi akae pembeni yako, na achukue nakala ya rejista kabla ya kubadilisha chochote.